Tulivyobeba Makao Makuu hadi Kabambare

Kabla hamjacheka bega langu, lishikeni kwanza. Nundu hiyo si ugonjwa wala si mafuta. Ni kazi. Mti wa kipoyi ulilala hapo miaka mingi, na kila mbebaji wa zamani wa Kasongo anayo nundu yake, mmoja kulia, mwingine kushoto. Mimi ninazo mbili kwa sababu nilipenda sifa. Ninyi mnaoendesha malori siku hizi mna nundu mahali pengine, ila sitapataja kwa kuwa mwalimu yupo hapa.

Mwalimu ndiye aliyenitia katika maneno haya. Alikuja na daftari, akakaa, akasema watoto wa shule wanapaswa kujua historia ya mji wao. Amesikia kwamba wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu palikuwa hapa Kasongo na makao makuu ya majeshi ya mataifa matatu, na kwamba mimi niliyajua kwa karibu. Akauliza, "Mzee Amisi, kamanda wake alikuwa nani?" Nilimwambia nitamjibu, lakini mwishoni. Mwalimu ukimjibu mwanzoni anafunga daftari na kwenda zake.

Kwa wale ambao hawakukiona kipoyi: ni kiti kilichofungwa kati ya miti miwili mirefu, na juu yake kitambaa cha kuzuia jua. Watu wawili wanashika mbele, wawili nyuma, na wengine wanne wanatembea kando wakingoja zamu. Mzungu anakaa katikati. Siku hizo barabara haikuwepo, ilikuwepo njia, na njia ilikuwa ya upana wa mtu mmoja mwembamba.

Mimi nilikuwa mtu wa nyuma. Wa mbele anaona njia. Wa nyuma anaona kisogo cha anayebebwa, basi. Wakubwa wote niliowabeba nimewajua kwa kisogo, na nawaambia kisogo hakijui kudanganya. Mkubwa anaweza kupiga kelele za ushujaa huko mbele, lakini mimi nyuma naona jasho linavyoteremka kwenye kola. Akisinzia kinalala upande. Akikasirika kinakuwa chekundu kabla hajafungua mdomo, na sisi wa nyuma tunajua mapema kwamba fimbo inakuja.

Kwa kuwa wa nyuma haoni, wa mbele humwambia. "Mti!" anaita, na sisi wa nyuma tunajibu, "Nimeona!" "Shimo!" "Nimeona!" Hatujaona kitu. Lakini ni lazima ujibu, kwa sababu ukinyamaza wa mbele anadhani umekufa, na anaanza kutembea kama mtu anayevuta maiti.

Aliyenifundisha kazi hii ni Yuma, mtu wa Nyangwe, mwembamba, mzee kuliko mimi kwa miaka ambayo hakuna aliyejua idadi yake. Katika habari za wanawake, za samaki na za umri wake, Yuma alidanganya kila siku. Katika habari za njia hakudanganya hata mara moja. Alinifundisha kwamba chini ya mti huweki kitambaa, unaweka majani makavu ya mgomba, maana kitambaa kikishiba jasho kinakuchuna ngozi. Alinifundisha kusukutua maji mtoni na kuyatema, si kuyanywa, tumbo lisije likacheza ngoma yake mlimani. Na alinifundisha jambo kubwa kuliko yote: watu wanne wa kipoyi wasipige hatua pamoja. Wakipiga pamoja kiti kinayumba, na bwana anatapika.

"Askari wanatembea pamoja," aliniambia. "Sisi hapana. Hapa kila mutu anatembea na mawazo yake."

Wiki yangu ya kwanza tulimbeba mfanyabiashara mmoja wa vitambaa. Katikati ya kijito bega liliniuma, nikahamisha mti kwenda bega la pili bila kusema. Kiti kikainama, na yule bwana akaingia majini ameketi vilevile alivyokuwa, mwavuli wake umefunguka. Yuma alimwinua kwa heshima na kumwambia kwamba katika kijito hiki wageni wote huogeshwa. Bwana yule alishukuru. Jioni Yuma alinivuta sikio hadi nikaona nyota.

Sasa makao makuu. Walikuwa wakubwa watatu: wa Wabelgiji, wa Waingereza na wa Wareno. Kila mmoja alikuwa mkubwa kwa watu wake, na walikuwa wameandikiana kwamba hakuna aliye juu ya mwenzake. Kwa ajili ya andiko hilo tuliona mambo. Nyumba waliyopewa ilikuwa na mlango mmoja, kwa hiyo wakatoboa milango mingine miwili ili waingie wote mara moja, asitangulie mtu. Ukuta ulipotobolewa mara ya pili paa lilishuka kidogo, na tangu hapo waliingia pamoja wakiwa wameinama. Bendera zao tatu zilipaswa kuwa sawasawa, lakini mvua ikinyesha kamba moja ilijikunja, bendera moja ikapanda. Palikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, kupima bendera kwa mwanzi kila baada ya mvua. Alistaafu akiwa na afya njema.

Sisi tuliwapa majina yetu. Mbelgiji tulimwita Kengele, kwa sababu ya kengele ya shaba aliyoipiga kwa kila jambo. Mwingereza tulimwita Miguu, maana miguu yake ilizidi kipoyi na viatu vyake viligonga masikio ya watu wa mbele. Mreno alikuwa Pamba. Aliogopa wadudu wasimwingie masikioni, akayaziba kwa pamba tangu alipofika hadi alipoondoka.

Hawakuwa na lugha moja. Kati yao alikaa karani Petelo, mtoto wa hapahapa Kasongo, aliyekuwa na Kifaransa cha misheni, Kiingereza alichookota kwa wafanyabiashara, na Kireno alichokibuni mwenyewe. Vita vyote vya mataifa matatu vilipita kinywani mwa Petelo. Alikonda sana mwaka ule.

Siku moja ikaja amri: vita vimesogea mashariki, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na makao makuu yahamie Kabambare, safari ya siku tano. Petelo alitujia nyuma ya jiko, na hakuwa na uso wa mchezo.

"Musikie vizuri," alisema. "Kule Kabambare kuko safu ya askari, inatoka asubuhi ya siku ya sita tangu tuondoke hapa, inaenda ziwani. Ninyi mukifika siku ya tano, mutapewa masanduku ya risasi, mutaenda nayo."

Ninyi vijana hamjui neno ziwani lilivyokuwa siku zile. Kutoka vijiji vyetu walikwisha kwenda wengi na masanduku kichwani, na waliorudi ungeweza kuwakalisha kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki. Kutoroka hakukuwezekana. Ukitoroka wewe, watu wa nyumba yako wanafungwa mpaka urudi. Na mimi nilikuwa nimemuoa Riziki miezi miwili tu. Niliogopa. Sioni haya kusema hivyo, niliogopa hadi chakula kikawa hakina ladha.

Nilimwambia Riziki. Alilia kidogo, akafuta uso, akauliza safu inatoka siku gani. Kesho yake akafunga kitenge chake na kuniambia anakwenda kumsalimu mama yake, kijiji cha siku tatu kwenye njia hiyohiyo ya Kabambare. Nilikasirika mno. Mume anakwenda kufa, mke anakwenda kusalimia! Nilimwambia Yuma nimeoa mwanamke asiye na moyo.

Hatukuondoka upesi, kwa sababu palizuka swali: katika njia ya mtu mmoja, kipoyi gani kitangulie? Walijadiliana wiki tatu. Petelo alikuwa akitoka ndani jioni akiwa hana sauti. Mwishowe walikubaliana kwamba kila saa moja Kengele atapiga kengele yake, na kipoyi cha nyuma kitapita mbele. Wenye kupatana walipeana mikono. Hawakutuuliza sisi. Kupita mbele maana yake ni kuingia na kiti na mkubwa katika majani marefu kuliko mtu, yanayokata kama wembe, ukimbie uwapite wenzako, urudi njiani. Kila saa. Nyuma yetu wapagazi na meza ya mviringo, bendera, na masanduku ya karatasi, na askari nyuma yao.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, maana ninyi siku hizi mnakaa benchi moja na mama wakwe zenu na kunywa chai. Kwetu, mama wa mke wako huonani naye uso kwa uso. Hulitaji jina lake. Ukimwona njiani unatoka njiani, unaingia majanini, unageuka mgongo mpaka apite. Naye kwa heshima yake hutoka upande wa pili. Si chuki. Ni adabu kubwa, na aliyeivunja alionekana hana malezi, hata awe na ng'ombe ishirini.

Siku ya tatu, alasiri, tulikuwa tumembeba Miguu, na zamu ya kutangulia ilikuwa yetu. Yuma mbele, mimi nyuma.

"Mti!"

"Nimeona!"

"Maji!"

"Nimeona!"

"Mukwe!"

"Nimeona!" nilijibu, kwa mazoea. Kisha nikauliza, "Mukwe wa nani?"

"Wa kwako, bwana! Anakuya, iko na kikapo kichwani!"

Sikufikiri. Nilivuta mti kushoto, na wote wanne tukaingia majanini pamoja na Mwingereza. Nikageuka mgongo kadiri mtu anavyoweza kugeuka akiwa na kipoyi begani. Nikangoja apite.

"Mukwe!" Yuma aliita tena, na safari hii sauti yake ilipanda. "Ametoka naye upande huu huu!"

Jambo hilo halijapata kutokea. Mama mkwe hutoka upande wa pili, kila mtu anajua. Tukakata zaidi kushoto, tukashuka mteremko, miti ya kipoyi ikilia, kisogo cha Miguu kikiwa cheupe kama unga wa muhogo. Tulikimbia kila mtu na mawazo yake, na hatukumwangusha, nataka mwalimu aliandike hilo. Chini kwenye kijito tulisimama kuvuta pumzi.

"Mukwe," alisema Yuma, sasa polepole, kama mtu aliyechoka na dunia. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya kijito, kikapu kichwani, ametutangulia.

Huko nyuma, Kengele alipoona kipoyi cha Mwingereza kinaacha njia kabla ya kengele, alidhani anaibiwa nafasi ya kuingia Kabambare kwanza. Akaamuru afuatwe. Pamba hakusikia kitu, lakini aliona wenzake wawili wanakimbilia porini, akaamini adui yuko njiani, naye akafuata. Wapagazi wakafuata wakubwa. Askari wakafuata wapagazi. Kabla jua halijashuka, makao makuu ya mataifa matatu yote yalikuwa bondeni, matope mpaka magotini, na meza ya mviringo inaelea.

Tulilala hapo. Asubuhi tulipanda kuitafuta njia. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi katikati yake, upande wa Kabambare, anasuka mkeka. Sikumwona mimi, niliambiwa.

Petelo aliitwa akaeleze kwa nini hatuendi. Alikaa huko muda mrefu, kisha akaja kwetu akijipangusa jasho.

"Umewaambia nini?" aliuliza Yuma.

"Nimewaambia kuko mutu njiani, na hatuwezi kumupita. Kengele ameuliza wako wangapi. Nikasema mumoja. Mungereza ameuliza iko na silaha gani. Nikasema kikapo. Ameandika."

"Na Pamba?"

"Pamba iko na pamba."

"Ungewaambia ni mukwe!"

"Nimewaambia, bwana! Nimesema ni mama ya muke wa mubebaji. Wameangaliana. Kisha Kengele amesema, kama mwanamuke mumoja anakaa mbele ya jeshi bila woga, basi nyuma yake kuko jeshi kubwa."

Wakatuma koplo na askari wawili kupeleleza. Koplo alirudi na samaki wakavu kwenye jani. Alisema kwamba yule mama yuko peke yake, na kwamba amemuuliza habari za mama yake mzazi. Wakubwa wakaona hiyo ni hatari zaidi, maana adui tayari anawajua askari wao kwa ukoo. Miguu alifungua ramani, na Kengele akafungua yake. Kwenye ramani moja tulikuwa kilimani, kwenye ya pili tulikuwa ndani ya mto. Walibishana hadi jioni, na Petelo akakaa katikati akitafsiri vilima.

Mtauliza kwa nini mimi nisiondolewe tu, nizungushwe mbali porini. Tulijaribu. Siku ya nne nilikata kuzunguka kwa kuume na Yuma, na kila tulipotokea njiani, yule mama alikuwa amekwisha kufika hapo. Alilijua pori lile kama jikoni kwake. Mara tatu Yuma aliita "Mukwe!", mara tatu nikarudi mbio. Miguu yangu ilijaa miiba, na moyo wangu aibu. Nilijua nimemkosea sana. Mama wa mke wangu ananikuta kila mahali, na mimi kila mahali namkimbia kwa kishindo na kumtupia mgongo! Nilimwambia Yuma, "Atamuchukua binti yake."

"Weye unafikiri ndoa," Yuma alisema, "na kesho tulipaswa kufika Kabambare."

Siku ya tano pia ilipita. Kengele alipiga kengele kila saa, hata tukiwa tumekaa, na vipoyi vitatu vilibadilishana nafasi pale pale kambini, ili andiko lisivunjwe.

Asubuhi ya siku ya sita Yuma alipata wazo. Wakanizungushia turubai, wakanifunga kamba, wakanitia kwenye mti, watu wawili wakanibeba kama mzigo wa ghala. Ndani humo palinuka mafuta ya mawese ya zamani, na vumbi lilinijaa puani. Nikahisi tunapanda, tunaingia njiani, tunasimama. Kisha nikaisikia sauti yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia kwa karibu.

"Hapa mumebeba nini?"

"Unga, mama," alisema Yuma.

Vumbi likanizidi. Nikakohoa.

"Unga unakohoa?"

"Iko na unyevu, mama," alisema Yuma.

"Mh. Mumetoka Kasongo siku ngapi?"

"Leo ni ya sita."

"Basi pitisheni unga wenu."

Nikasikia anakunja mkeka. Nikapita chini ya macho yake nikiwa bidhaa, na wakubwa walipoona njia iko wazi, makao makuu yakanifuata.

Tulifika Kabambare siku ya nane. Safu ilikuwa imekwisha kuondoka tangu juzi yake, na masanduku ya risasi yalibebwa na watu waliotoka njia nyingine. Nawaambieni bila kucheka: wengi wa wale hawakurudi, na wengine nilikuwa nawajua kwa majina. Kila ninaposimulia upuuzi huu nawakumbuka. Sikufanya lolote la kuwazidi. Nilimkimbia mkwe, basi.

Wakubwa walikuta rundo la barua na simu za maandishi zinazouliza maswali, na karibu kila swali lilikuwa na barua ya pili inayosema msihangaike, jambo limekwisha. Vita vilikuwa vimeendelea siku zote hizo bila makao makuu, wala havikuwatafuta. Lilibaki suala letu. Adhabu ya kuacha njia na wakubwa ilikuwa fimbo, na baada ya fimbo, kupelekwa ziwani kuifuata safu. Tulisimamishwa uani. Petelo akatokea, mdomo wazi.

"Hamupigwi," alisema. "Kila mukubwa ameandika taarifa yake. Kengele ameandika kwamba alituingiza porini kwa akili, kumukwepa adui. Mungereza ameandika kwamba ni yeye. Pamba naye ameandika ni yeye. Sasa nani atawapiga kwa kutii amri yake mwenyewe?"

Wakatupa chumvi, kijiko kimoja kimoja, na kuturudisha makwetu.

Nilirudi Kasongo. Riziki alikuwa amefika mbele yangu, anatwanga. Aliniangalia juu hadi chini, akahesabu mikono na miguu, akaendelea kutwanga. Baadaye nilimpelekea mama yake mbuzi wa kuomba radhi. Alimpokea mbuzi kwa heshima, hakurudisha neno. Kwa miaka yote hiyo niliishi nikijua kwamba nimemvunjia adabu mama wa mke wangu mbele ya mataifa matatu.

Kisha barabara zikalimwa, na nikafanya kazi kwenye barabara hizo nikiwa na koleo, nikifukia mashimo ili ninyi mpite mnapiga honi. Vipoyi viliwekwa darini. Yuma alikufa, na mazishini kila kijiji kilitaja umri wake tofauti.

Mvua za mwaka juzi, mama mkwe wangu alishikwa na kifua. Mwanangu Saidi, mnamjua, yule wa lori la bluu, alikwenda kumchukua ili aletwe hospitali ya Kasongo. Akakuta daraja limekatika, akarudi kutuambia. Lori lingeishia ng'ambo, na mgonjwa yuko mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Nikasema kipoyi kishushwe darini, twende nacho. Wakasema haifai, mimi ni mkwe. Nikasema nitashika nyuma. Nyuma haioni uso.

Walimketisha, wakamfunika kitenge. Saidi na mwenzake mbele, mimi na kijana mmoja nyuma. Madereva hawajui kutembea, walikuwa wanapiga hatua pamoja kama askari, nikawatukana hadi wakaacha. Nikawafundisha kuita. "Mti!" alisema Saidi kwa aibu. "Nimeona!" nilijibu. Mbele yangu palikuwa na kisogo kidogo, chembamba, nywele nyeupe zimetoka chini ya kitambaa. Sikuwahi kukiona.

Tulipofika mahali njia inaposhuka kwenye kijito, alisema, "Nani iko nyuma?"

"Ni baba, bibi," alisema Saidi.

"Mwambie baba yako, siku ile nilisimama hapa kusudi."

Nilikuwa mkono mmoja nyuma yake, nilisikia kila neno. Lakini adabu ni adabu. Saidi akageuza shingo. "Baba, bibi anasema alisimama hapa kusudi."

"Mwambie Riziki alinikuta shambani, akaniambia safu inatoka siku ya sita. Nikasema, mimi sina bunduki, lakini niko mukwe."

Saidi akasema.

"Mwambie alienda kushoto, nami nikaenda kushoto. Angepanda juu ya mti, ningepanda. Mpaka siku ya sita. Na mbuzi wake nilimukula, alikuwa mutamu."

Saidi akayasema yote, hata mbuzi. Macho yangu yakajaa, mzee mzima, mikono yote miwili imeshika mti, siwezi hata kujipangusa. Nikakohoa kidogo, kuficha.

Kisogo kikainuka.

"Saidi," alisema. "Unga unakohoa tena."

Kisha kikaanza kutikisika. Mwanzoni nilidhani ni kifua. Alikuwa anacheka. Alipona, akaishi mavuno mawili zaidi, na hatukuongea tena.

Sasa, mwalimu, fungua daftari. Uliuliza kamanda wa makao makuu alikuwa nani, yule aliyeyasimamisha siku tatu, akayapeleka kushoto alipotaka, na kuyaruhusu yapite alipoona imetosha. Jina lake nalijua vizuri sana. Lakini mimi silitaji, ni mkwe wangu. Nenda uani, kamuulize Riziki.